Kufu

Bi Mwanajabu aliniita kabla sijamaliza mkate wa sinia:
"Ndoo, Zena, utezame. Friza inanguruma
kama mtu mwenye neno asiyetaka kulisema."

Langoni, kichochoro cha pili nyuma ya kinyozi.
Anauza barafu, vifuko vya shilingi kumi kumi,
na asubuhi ile vilikuwa laini mkononi,
maji yameanza kukumbuka kuwa ni maji.

Nikazima umeme. Nikafungua mgongo wa friza.
Skrubu mbili zilitoka, ya tatu ilikuwa kutu tupu.
Nikausukuma upanga wa feni kwa kidole:
ukazunguka nusu, ukasita, ukalala.
Kapasita imevimba kichwani kama jipu.

Kapasita hailali na umeme wa ukutani,
huweka kinyongo.
Nikaiunga kwenye balbu kuukuu;
balbu ikapepesa mara moja
basi.

Sebuleni walikuwa wanazungumza posa.
Mjomba Famau, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa:
"Kijana anafundisha chekechea. Huyo si kufu ya Raya.
Yule wa Shela ana boti tatu."
Raya alikuwa mlangoni, ameshika tochi yangu,
anamulika kila mahali isipokuwa ninapotazama.

Lebo ya mota imeliwa na chumvi.
Nikaifuta kwa kitambaa na mafuta ya taa, polepole,
mpaka tarakimu zikajitokeza moja moja:
volti, ampea, mizunguko elfu moja na mia tatu kwa dakika,
na pembeni kabisa, kapasita: nne.
Nikaitazama iliyovimba. Nane.

"Nani aliweka hii?"
Bi Mwanajabu akageuza uso upande wa sebule.
"Kakangu. Ramadhani iliyopita.
Alisema kubwa ina nguvu."

Nguvu ilikuwepo, sikatai.
Ilipita kwenye koili kila siku zaidi ya haki yake,
koili ikapata moto, ikanyamaza, ikapata moto,
na nyinyi mkisikia feni inapuliza mkasema alhamdulillahi.

"Na ikiwa ndogo?" Raya akauliza.
Tochi imetulia sasa.
"Ndogo nayo itanguruma bila kuondoka.
Itaungua ikisubiri."

Nikampigia Taufiki wa Mwembe Tayari.
"Chukua hii ya robo farasi," akasema, "bei ni ile ile."
Nikamwambia sitaki ile ile.
Shafti milimita nane, si kumi, nisije nikatoboa panga.
Mizunguko elfu moja na mia tatu.
Izunguke kulia, ukiitazama kutoka kwenye shafti.
Na kapasita isomwe kwenye lebo ya mota mpya,
usiniangalizie ya zamani, ya zamani ilidanganywa.
Volti zake mia nne na hamsini, zikizidi sawa,
lakini ile namba ya uwezo usiiguse.
Akacheka: "Zena, unanunua mota au unaoza mtu?"

Kosa moja Mombasa, huku ni siku mbili:
basi la usiku hadi Mokowe, boti, mkokoteni,
halafu unafungua boksi unakuta shafti ya kumi.

Ilifika Alhamisi. Lebo mpya inasema tano.
Tano ndiyo aliyoniletea, Mungu amzidishie.
Nikafunga, nikaunga, nikawasha:
upepo ukaelekea ukutani.
Nimebadilisha waya mbili kimakosa, mimi, fundi.
Nikazima, sikumtazama mtu, nikazirudisha.
Safari hii joto likatoka likanipiga miguuni
kama paka anayejua nyumba.

Habari ya posa sikuuliza.
Mjomba alikuja akaomba kapasita ile ya nane,
akaigeuzageuza, akaitia mfukoni mwa kanzu,
ikaning'inia upande mmoja.
Nilikuwa kwenye skrubu ya mwisho
nilipomsikia Bi Mwanajabu akimwambia, si kwa ukali:
"Kwanza tusome kilichoandikwa, Famau.
Tumuulize Raya."

Akanipa vifuko sita vya barafu, vigumu kama mawe.
Mia nne bado namdai.